Vyuma Vilivyoachwa Juu ya Nyumba: Pima Kabla ya Kuongeza Orofa

Ukitembea Umoja, Kayole au Dandora na kuinua macho, utaona vyuma vikichomoza juu ya nyumba zenye wapangaji tayari. Mwenye nyumba ameviacha ili akipata pesa aongeze orofa. Je, vina urefu wa kutosha kuunganishwa na vipya?

Chuma kipya hulazwa kando ya cha zamani, vikapitana, kisha vikafungwa kwa waya. Wengi hudhani waya ndio unaoshika. La. Waya huzuia vyuma visisogee fundi anapomimina konkriti, basi. Nguvu huhama kutoka chuma kimoja hadi kingine kupitia konkriti iliyovizunguka. Vikipitana kwa urefu mfupi, chuma huchomoka au konkriti hupasuka, hata kama chuma chenyewe ni kizuri.

Kipimo kinachotumiwa sana ni mara 40 ya unene wa chuma. Vyuma vya milimita 12 hupitana kwa milimita 480, karibu nusu mita. Vya 16, milimita 640. Mhandisi anaweza kuagiza zaidi, hasa konkriti ikiwa hafifu, na mchoro wake ndio unaofuatwa.

Kuta za bloku zenye matundu zina hatari nyingine, isiyoonekana ukuta ukishapigwa plasta. Tundu lisipojazwa hadi chini, vyuma hubaki vimezungukwa na hewa, na urefu wote ule haufai kitu. Lisafishwe kwanza, kisha lijazwe kidogo kidogo likishindiliwa. Mwambie fundi akuite kabla hajamimina, ukiwa na futi ya kupimia.

Kutu nyepesi huondolewa kwa brashi ya waya. Inayobanduka kama maganda imekwisha kula chuma. Ncha zikiwa fupi, usikubali kuongezewa waya. Mwite mhandisi aliyesajiliwa, ambaye pia atakagua kama msingi unaweza kubeba orofa nyingine.

Kuongeza orofa kunahitaji kibali cha kaunti, chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka wa 2019. Wakazi wa Huruma hawajasahau usiku wa 29 Aprili 2016, nyumba ya orofa 6 kando ya mto ilipoporomoka na kuua karibu watu 50. Mpangaji anayeona ujenzi ukiendelea juu ya chumba chake ana haki ya kuulizia kibali hicho.