Somo kwa Makatibu: Tabia ya Mtu Hutoka Wapi?



Katika mikutano mikuu ya vyama vyetu hakuna neno linalotumika kwa wepesi kama neno "tabia". Karani wa mizani akikutwa na upungufu wa kilo, husemwa kuwa hiyo ndiyo tabia yake, tena ni ya ukoo wao. Mwanachama akichelewa kurejesha mkopo wa pembejeo, huitwa mdanganyifu tangu kuzaliwa. Kwa maneno hayo watu hunyimwa mikopo, na wengine hukabidhiwa fedha. Kwa hiyo yafaa tujue wataalamu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, wamesema nini juu ya chimbuko la hulka ya mtu.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyefariki mwaka 1939, alifundisha kwamba mtu huongozwa na matamanio na hofu za utotoni ambazo hata mwenyewe hazijui. Mengi katika mafundisho yake hayakuthibitika, ila wazo la kwamba utoto huacha alama limedumu. Mary Ainsworth alilifuatia nchini Uganda mwaka 1954 na 1955, akiwatembelea akina mama na watoto wachanga vijijini karibu na Kampala. B. F. Skinner wa Marekani hakutafuta sababu moyoni: kwake yeye, kitendo kinacholeta faida hurudiwa, na kisicholeta hufifia. Carl Rogers alishikilia kwamba kila mtu ana msukumo wa kukua, akisikilizwa na kuheshimiwa. Wako pia wanaoipima hulka kwa maswali, na vipimo vyao huonyesha kwamba watu hutofautiana kweli, na sehemu ya tofauti hizo hurithiwa.

Lililo karibu nasi zaidi ni uchunguzi wa mwaka 1961 na 1962 ulioongozwa na Walter Goldschmidt kutoka California. Walichaguliwa Wahehe wa kwetu, Wakamba na Wapokot wa Kenya, na Wasebei wa Uganda. Katika kila kabila wakachukuliwa wakulima na wafugaji. Robert Edgerton aliwahoji watu wapatao 500, na kitabu chake kikatoka mwaka 1971. Aliona kwamba wafugaji kwa jumla walionyesha hisia zao waziwazi na kuamua mambo peke yao, hali wakulima walishauriana zaidi, wakaficha chuki na kushukiana. Sababu haiko mbali. Mfugaji akigombana na jirani huweza kuhamisha ng'ombe; mwenye shamba la migomba na kahawa hana pa kulihamishia, atakaa na jirani huyo mpaka afe. Hata hivyo Edgerton aliona pia kwamba tofauti za kabila na kabila zilizidi zile za mkulima na mfugaji.

Msomaji wa Meru atakuwa amekwisha kuwafikiria Waarusha na Wamaasai, wenye lugha moja ya Kimaa na marika yanayofanana, ila mmoja analima mteremkoni na mwingine anachunga tambarare. Na afikiri, lakini asikimbilie kuhukumu. Wastani wa watu 500 hausemi lolote juu ya mtu mmoja aliyesimama mbele ya kamati ya mikopo. Kwa maoni yangu, masimulizi kuhusu kabila fulani na fedha yamewanyima mikopo watu wengi wema.

Sasa nifike penye sanduku la fedha. Mwaka 1928 Hugh Hartshorne na Mark May walitoa matokeo ya majaribio waliyowafanyia maelfu ya watoto wa shule nchini Marekani. Watoto walipewa nafasi ya kudanganya katika mtihani, ya kuchukua sarafu, ya kusema uongo. Mtu angetazamia wagawanyike makundi mawili, waaminifu na wadanganyifu. Haikuwa hivyo. Aliyenakili majibu darasani pengine hakugusa sarafu. Wengi walidanganya kidogo, pale nafasi iliporuhusu. Walter Mischel akaikoleza hoja hiyo mwaka 1968. Wengine walimjibu kwamba ukimwangalia mtu kwa muda mrefu, katika mambo mengi, mwenendo wake huonekana. Nao wana haki. Lakini muda mrefu si dakika tano za kujieleza siku ya uchaguzi.

Tazama msimu wa kahawa. Fedha za malipo ya awali zinafika. Karani mmoja ndiye anayepima, ndiye anayeandika stakabadhi, ndiye anayelipa. Mwanawe anadaiwa ada ya chuo. Anaazima kidogo, akiwa na nia ya kurudisha. Chama humfukuza, humchagua mcha Mungu wa kijiji, na kumkabidhi utaratibu uleule. Kisha hushangaa hesabu zikirudi vilevile. Mtu alibadilishwa, nafasi haikubadilishwa. Apimaye asilipe. Sanduku liwe na kufuli mbili, na funguo kwa watu wawili. Mizani ijaribiwe kwa uzito unaojulikana, mbele ya wanachama, kabla ya kupokea mzigo wa kwanza. Fedha zilizosalia ziende benki bila kulala ofisini. Mwaminifu hatukanwi kwa hayo. Humwokoa siku ya kusingiziwa.

Tena jambo moja kwa makatibu, kuhusu mihutasari. Msiandike "karani ana tabia ya wizi". Andikeni kiasi kilichopokelewa, tarehe kilipopokelewa, tarehe kilipoonekana benki, na namba ya stakabadhi isiyo na sahihi ya mkulima. Mkaguzi aweza kulifuatilia hilo, na mtuhumiwa aweza kulijibu.