OILI YA INJINI YA ROTA ANGANI

Leo tuingie karakana. Wako watu, hasa Marekani, wanaojijengea ndege nyumbani na kuzitia injini ya gari: Mazda 13B, yenye rota mbili na sentimita za ujazo 1,308. (Msiichanganye na Gnome ya vita vya 1914-1918, iliyozunguka yenyewe pamoja na propela na kutupa nje mafuta yake ya mbarika!)

Injini hii haina pistoni. Rota ya pembe tatu huzunguka ndani ya nyumba yake, na kila ncha ina sili ya kuzuia gesi isipite. Je, sili hizo hulainishwa na nini? Garini mna pampu ndogo inayochota oili ya injini na kuitia chumbani kidogo kidogo, ikaungua pamoja na petroli. Hapo ndipo penye maneno. Oili hiyo haikutengenezwa iungue; huacha masizi. Tena pampu ikikwama, rubani hapati habari mpaka sili zimekwisha kulika. Barabarani utaegesha kando umngoje fundi. Futi 5,000 juu utaegesha wapi?

Basi wajenzi wengi huing'oa pampu, wakaziba tundu lake, kisha wakachanganya petroli na oili safi ya kuungua, ile ya misumeno ya injini ya kukatia miti. Petroli lita 100 hupewa oili robo tatu ya lita hadi lita 1. Ubaya ni kwamba ukisahau kuchanganya, hakuna wa kukukumbusha. Wengine huiacha pampu lakini huichotesha oili safi kutoka tangi dogo la kando. Kwa msahaulifu naona hii ni afadhali, ingawa pampu bado yaweza kukwama.

Kazi nyingine ya oili ni kupoza. Hurushwa ndani ya tumbo la rota, na takriban theluthi ya joto la kuondolewa hutoka nayo. Rejeta ya maji peke yake haitoshi hata kidogo: ya oili nayo iwe kubwa, ipate upepo hata ndege inapopanda polepole kwa nguvu zote.

Pampu ikishang'olewa, oili ya injini haichomwi tena kwa makusudi. Kwa hiyo kijiti cha kupimia kikionyesha imepungua upesi, usiruke, tafuta inakovuja.