SOMO: ASALI NA SUKARI

Ninyi wazazi wa Kilwa, kando ya Ziwa Moero, sikieni. Sukari hutoka katika miwa. Asali hufanywa na nyuki kwa maji matamu ya maua ya msitu wetu. Wengi husema: «Sukari ni mbaya, asali ni dawa.» Je, ni kweli?

Katika gramu 100 za asali, 80 hivi ni sukari, na 17 hivi ni maji. Kwa hiyo asali nayo huozesha meno, na mwenye ugonjwa wa sukari asidanganyike. Ila ina faida hii: mtoto aliyepita mwaka mmoja, akikohoa usiku, kijiko kidogo humtuliza.

Angalieni sana! Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja msimpe asali, hata tone moja la kulambishwa. Pengine mna mbegu za vijidudu ndani yake, nazo hufanya sumu tumboni mwake: choo hufunga, kilio hufifia, mwili hulegea, pumzi hukatika. Kuichemsha asali jikoni hakuziui. Ukiona dalili hizo, mpeleke hospitali mara moja.

Maswali:
1. Asali na sukari zinafanana kwa nini?
2. Nani asipewe asali, na kwa sababu gani?