Maandiko Matakatifu ni neno la Mungu: tumejuaje?



Siku moja, baada ya somo, mzee mmoja aliniuliza: «Mwalimu, wasema Luka aliandika, Paulo aliandika. Hao si watu kama sisi? Kwa nini basi mwaita maandiko yao neno la Mungu?» Ulizo hilo ni la haki. Tulijibu.

1. Mungu alisema kwa njia ya watu. Maandiko Matakatifu hayakuanguka kutoka mbinguni. Ni vitabu 73: 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Roho Mtakatifu aliwaongoza waandikaji, wakaandika yale Mungu aliyotaka, hayo tu. Lakini hakuwatumia kama kalamu isiyo na akili. Luka asema kwamba alichungua kwanza habari zote kwa bidii. Paulo awaambia Wakorinto kwamba aliwaandikia kwa machozi. Akili na machozi vilikuwa vyao. Neno lilikuwa la Mungu.

2. Mama aitambua sauti. Baba afanya kazi mbali. Hajui kuandika, amwomba rafiki amwandikie barua. Barua ifikapo kijijini, watoto wadogo wana shaka, maana mkono si wa baba. Lakini mama, aliyekaa naye siku nyingi, aisikia na kusema: «Ndiye yeye.» Mama yetu ni Eklezya. Katika Mitume alikaa na Yesu, akapewa Roho Mtakatifu. Kwa hiyo aliitambua sauti ya Bwana wake. Vilikuwako vitabu vingine vyenye majina ya Mitume, hakuvipokea.

3. Mama ailinda barua. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano aliamuru vitabu vya wakristu vichomwe moto. Katika Afrika ya kaskazini, Felisi, askofu wa Tibiuka, alikataa kuvitoa, akauawa. Katika nchi hizohizo maaskofu walikutana Hipo mwaka 393, na Kartago mwaka 397, wakataja vitabu vinavyosomwa katika Eklezya kuwa Maandiko ya Mungu. Mtaguso wa Trento ulithibitisha hesabu yake mwaka 1546.

Mzee yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi, Mwalimu, nisomee tena barua ya Baba.» Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Barua ya baba haiwekwi sandukuni tu. Husikilizwa, na agizo lake hutimizwa.

Maulizo

Ni nani mtungaji wa Maandiko Matakatifu?
— Ni Mungu mwenyewe, aliyewaongoza watu waandike.

Je, waandikaji walitumia akili zao?
— Ndiyo, kila mmoja kwa lugha yake na kwa namna yake.

Nani atuhakikishia vitabu hivyo?
— Eklezya, Mama yetu, anayeongozwa na Roho Mtakatifu.

Tusali: Ee Roho Mtakatifu, uliyewaongoza waandikaji, utufungue masikio na mioyo, tulisikie neno lako na kulishika. Amina.