Mtoto Apelekwe Kliniki Mara Ngapi?

Siku ya kliniki ya watoto mabenchi yetu hujaa kina mama wenye vichanga tangu asubuhi. Wenye watoto wa mwaka mmoja na zaidi ni wachache. Tukikutana nao njiani na kuwauliza, hutujibu: "Nesi, kwani sindano si zimekwisha?"

Hazijakwisha. Hapa Tanzania mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14 kukingwa na kifaduro, pepopunda, dondakoo, homa ya ini, nimonia na kuhara. Akiwa na miezi 9 huchanjwa surua na rubela, na hiyo ndiyo wengi huiita ya mwisho. Kumbe iko dozi ya pili, miezi 18, kwa sababu wapo watoto ambao dozi ya kwanza peke yake haiwapi kinga.

Mama aliyejifungua naye asingoje wiki ya 6. Aonwe pamoja na mtoto ndani ya saa 48, na tena kabla wiki haijaisha, hata kama alijifungulia nyumbani. Tunatazama kitovu, macho, rangi ya ngozi na jinsi mtoto anavyonyonya.

Lakini kliniki si sindano tu. Mpaka atimize miaka miwili, mtoto apimwe uzito kila mwezi. Tuliwahi kumpokea mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, miguu imevimba. Kwenye kadi yake mstari ulipanda vizuri hadi mwezi wa tisa, kisha palikuwa peupe miezi saba. Mama alipata mimba nyingine akamwachisha ziwa, akawa anampa uji mtupu wa mahindi. Alipokonda, majirani walisema ni meno. Alilazwa wiki tatu, tukamshukuru Mungu akapona. Angepimwa kila mwezi, tungeuona mstari umelala mapema, na karanga au dagaa waliosagwa ndani ya uji vingetosha.

Kwa hiyo mkitoka kwenye mizani ulizeni: "Mstari unakwendaje?" Nesi asiyewajibu hajamaliza kazi yake. Mstari ukilala miezi miwili ni onyo, hata kama mtoto anacheza.

Kosa jingine ni letu wauguzi. Tumewagombeza mbele za watu kina mama waliopoteza kadi au kupitisha tarehe, na baadhi yao hawakurudi tena. Kadi ikiliwa na panya, njooni hivyo hivyo, tutatafuta kwenye rejesta. Chanjo iliyopitwa na tarehe mara nyingi bado inaweza kutolewa. Na mama akiwa shambani, baba amlete. Mizani haiulizi nani kambeba.

Tarehe ya kadi ni ya mtoto aliye mzima. Akishindwa kunyonya, akipatwa na degedege, akihema haraka au akichemka mwili, aletwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.