SOMO LETU: Kutoa Mafuta ya Njugu kwa Maji



Akina mama wa Matete wametuuliza mara nyingi: mbona tunauza njugu kwa gorogoro, halafu tunarudi dukani kununua mafuta ya kupimiwa? Basi leo tujifunze pamoja.

Kwanza, onyo. Kikundi kimoja tulichotembelea kilikuwa kimesikia eti viwandani mashudu hulowekwa kwa petroli. Wakataka kujaribu kwa petroli ya pikipiki! Ni kweli viwanda vikubwa hutumia heksani, kitu kitokanacho na mafuta ya petroli. Heksani huchemka kwa nyuzi 69 hivi, na mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo. Kiwanda kina mitambo ya kuiondoa, sisi hatuna. Petroli jikoni ni moto na sumu. Msijaribu kamwe.

Je, maji yaweza kufanya kazi hiyo? Angalieni sufuria yenye mafuta. Maji matupu hayayatoi. Mkitia sabuni, yanatoka. Sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hushika mafuta. Karibu mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, walitumia maji yenye dawa kidogo ya jamii hiyo wakapata zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za mafuta ya njugu. Lakini hiyo si sabuni ya kufulia. Msitie sabuni kwenye chakula.

Sisi tutumie maji peke yake. Ndugu zetu wa Pwani hukamua tui la nazi kwa maji, wakalichemsha mpaka mafuta yaelee. Akina mama wa Afrika Magharibi hukanda njugu hivi:

1. Chagueni njugu kavu. Zenye ukungu zitupwe, wala mifugo wasipewe. Sumu ya ukungu haiishi kwa kupika. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui.

2. Kaangeni kidogo, pukuteni maganda, twangeni mpaka ziwe laini kabisa.

3. Nyunyizeni maji ya moto kijiko kimoja kimoja huku mkikanda. Maji yakizidi, mtapata uji mweupe na mafuta hayatajitenga.

4. Mafuta yakitokeza, kamueni kwa mikono na kuyamimina kando.

5. Yapasheni kwa moto mdogo mpaka mlio wa maji unyamaze. Yakipoa, chujeni, mweke kwenye chupa kavu.

Hatua ya tano tuliwahi kuipuuza sisi wenyewe tulipofundisha. Mafuta yakaharibika upesi, na akina mama wakapata hasara. Tuliwaomba radhi. Maji yakibaki ndani, mafuta hayakai.

Mashudu yanayobaki yana unyevu. Yakaangwe na kuliwa, au kuku wapewe siku hiyo hiyo.

Mkono hautoi mafuta yote. Kwa hiyo kabla ya kuanza biashara, jaribuni kilo 2 tu. Andikeni bei ya njugu, kuni na saa za kazi, kisha mlinganishe na bei ya mafuta mliyopata pamoja na mashudu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa hesabu yenu, ni faida kuuza njugu au mafuta?

2. Nani atachagua njugu zenye ukungu, na nani atahakikisha kazi hiyo imefanywa?

3. Vijana wenu wanajua hatari ya petroli jikoni?