Kupangisha tovuti: mambo ya kujua kabla ya kupokea pesa za mteja wa kwanza

Shule, zahanati za kibinafsi, vyama vya ushirika, makanisa, misikiti na hoteli ndogo za kaunti yetu zinazidi kutafuta tovuti. Mara nyingi kazi hiyo hupewa kijana wa karibu anayejua kompyuta. Hutengeneza tovuti, hulipwa, na mambo huishia hapo. Lakini tovuti ikishatengenezwa huhitaji mahali pa kukaa usiku na mchana, na mwenyewe hulipia mahali hapo kila mwaka. Hiyo ndiyo biashara ya kupangisha tovuti. Somo hili linaeleza jinsi mkazi anavyoweza kuianza kwa mtaji mdogo, na wajibu anaojitwika pindi anapopokea malipo.

Unauza nini hasa?

Tovuti ni mkusanyiko wa faili: maandishi, picha na mara nyingi hifadhidata. Faili hizo hukaa ndani ya seva, yaani kompyuta isiyozimwa iliyounganishwa na intaneti ya kasi. Anwani ambayo mtu huandika ili kuifikia tovuti, kwa mfano zile zinazoishia na .co.ke, huitwa jina la kikoa. Seva na kikoa ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja hulipiwa kivyake. Mtu akihama nyumba, nambari yake ya simu haibadiliki. Vivyo hivyo, tovuti inaweza kuhamishiwa seva nyingine na kikoa kikabaki kile kile.

Njia tatu za kuanza

Njia ya kwanza ni kununua nafasi kwa jumla na kuiuza rejareja. Kampuni kubwa inakupa nafasi katika seva yake, nawe unaigawanya kwa wateja wako kwa jina la biashara yako. Ni kama kukodisha ploti nzima kisha kupangisha chumba kimoja kimoja. Seva ikiharibika, kampuni ndiyo inayoitengeneza.

Njia ya pili ni kukodisha seva pepe na kuisimamia mwenyewe. Uhuru ni mkubwa zaidi, lakini ni lazima ujue mfumo wa Linux, usalama wa seva na utumaji wa barua pepe. Njia ya tatu ni kununua mashine zako na kuziweka katika kituo cha data. Hiyo ni ya wenye mtaji na mafundi wa zamu.

Anayeanza atumie njia ya kwanza. Asijaribu kuweka seva ya wateja sebuleni. Stima ikipotea, tovuti zote hupotea nayo, na intaneti ya nyumbani haikuundwa kwa kazi hiyo.

Uliza pia seva iko wapi. Shule ambayo wazazi wake wote wako Kenya hufaidika na seva iliyo Nairobi, kwa kuwa watoa huduma wa humu nchini hubadilishana data hapa hapa kupitia kituo cha KIXP. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, tovuti iliyo karibu huumia kidogo kuliko iliyo Ulaya. Hoteli inayotegemea watalii wa ng'ambo inaweza kuamua vingine.

Piga hesabu bila kujidanganya

Bei hutofautiana, kwa hivyo huu ni mfano tu. Tuseme kila mteja anakulipa Sh6,000 kwa mwaka, pamoja na kikoa. Kikoa kinakugharimu Sh1,000, unabaki na Sh5,000. Nafasi ya jumla ni Sh2,500 kwa mwezi, uhifadhi wa nakala za akiba Sh1,000, simu na bando Sh1,500. Hizo ni Sh60,000 kwa mwaka, uwe na wateja au usiwe nao.

Maana yake ni kwamba wateja 12 wa kwanza wanalipia gharama peke yake. Ukifikisha wateja 20, unabaki na Sh40,000 kwa mwaka, kabla ya kodi na kibali. Hiyo ni takriban Sh3,300 kwa mwezi, na mtu hawezi kuacha kazi kwa sababu yake. Ndiyo maana wengi huanza kwa kuunganisha huduma hii na kazi waliyo nayo tayari: kutengeneza tovuti, saiba, uchapishaji au ukarabati wa kompyuta.

Kumbuka pia kwamba malipo ya mwaka mzima ni deni la miezi 12. Mteja aliyelipa Januari anakudai huduma hadi Desemba. Ukizitumia pesa zote kwa karo au kununua simu mpya, mwezi wa Juni utakosa za kuilipa kampuni, na tovuti za wateja wote zitazimwa kwa pamoja. Fungua akaunti tofauti ya gharama, na uweke humo sehemu ya kila malipo.

Kikoa ni cha mteja

Vikoa vya .ke husimamiwa na KeNIC, na wananchi huvisajili kupitia mawakala walioidhinishwa. Unapomsajilia mteja kikoa, andika jina lake au la taasisi yake kama mmiliki, pamoja na barua pepe na simu anazozitumia.

Jambo hili huonekana dogo mpaka shida itokee. Kikoa cha shule kikiwa kwa jina la fundi, kisha fundi akahamia mjini, akakosana na bodi au akafariki, shule inaweza kushindwa kukilipia au kukihamisha. Kisipolipiwa huzimwa, na hatimaye huachiliwa ili yeyote akisajili. Shule hupoteza anwani iliyochapishwa kwenye barua na mabango yake, na barua pepe za wazazi hazifiki tena. Mkumbushe mteja malipo siku 30 kabla ya muda kwisha, kwa simu na kwa maandishi.

Nakala za akiba zikae mbali

Mnamo Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Ni miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za kazi hii barani Ulaya. Hata hivyo, kuna wateja waliopoteza data yao kabisa kwa sababu hawakuwa na nakala iliyohifadhiwa mahali pengine.

Kanuni inayofuatwa na mafundi ni hii: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja kati yake ikae mahali pengine. Usitegemee nakala za kampuni uliyonunua nafasi kwake pekee. Na mara moja kwa mwezi, chukua nakala ya tovuti moja ujaribu kuirejesha, ili usigundue siku ya msiba kwamba faili ni bovu.

Ahidi unachoweza kutimiza

Kampuni nyingi hutangaza kwamba seva zao ziko hewani asilimia 99.9 ya wakati. Hata hiyo inaruhusu kuzimika takriban dakika 43 kila mwezi. Usimwahidi mteja asilimia 100. Mweleze utapokea simu saa ngapi, tatizo litashughulikiwa kwa muda gani, na nani atajibu ukiugua. Mtafute mwenzako mmoja unayemwamini, mkubaliane kushikiana zamu.

Usalama nao ni wa pamoja. Tovuti moja ikivamiwa na kuanza kutuma barua pepe taka, anwani ya seva huingizwa katika orodha ya zinazozuiwa, na barua za wateja wengine wasio na hatia hukataliwa. Kwa hivyo sasisha programu kila mara, tumia uthibitisho wa hatua mbili, na usitumie nenosiri moja kwa wateja wawili. Cheti cha usalama kinachoonyesha https hupatikana bure kupitia Let's Encrypt. Hudumu muda mfupi tu, kwa hivyo hakikisha kinajihuisha chenyewe.

Sheria na stakabadhi

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, uwe na PIN ya KRA, kisha uchukue kibali cha biashara cha kaunti. Utoaji wa leseni za biashara ni kati ya majukumu ambayo Katiba ya 2010 ilizipa kaunti.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu pia. Ukihifadhi tovuti yenye majina na simu za watu, unashika data kwa niaba ya mteja wako. Data hiyo ikivuja, unapaswa kumjulisha mteja bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana, naye ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Udogo wa biashara hauondoi wajibu huo. Uliza Ofisi ya Kamishna kama unahitaji kujisajili, hasa ukihudumia shule na zahanati.

Andika mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Utaje bei, tarehe ya kulipa upya, mmiliki wa kikoa, nakala huchukuliwa mara ngapi, na jinsi mteja atakavyopewa faili zake akitaka kuhama.

Sheria ya ununuzi wa umma pia hutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ukishakuwa na wateja wanaoweza kukushuhudia, jisajili katika mpango wa AGPO.

Mwezi wa kwanza

Anza na wateja watatu unaowafahamu. Kabla ya kumwita wa nne, hakikisha mambo haya matano: kila kikoa kimeandikwa kwa jina la mwenyewe, nakala ya akiba iko mahali pengine na umeijaribu, pesa za gharama ziko katika akaunti yake, mkataba umetiwa sahihi, na yuko mtu wa pili anayeweza kujibu simu. Lililobaki bila kukamilika, likamilishe kwanza.

Kwa maswali kuhusu kibali cha biashara, fika katika ofisi ya biashara ya kaunti au ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Ukija, beba kitambulisho, PIN ya KRA na cheti cha jina la biashara.